Anaijua MAGAZIJUTO, lakini bado anakosa

SWALI: Ninafundisha Hisabati darasa la tano. Nina mwanafunzi ambaye huelewa akielezwa, lakini kesho yake hatua zote zimempotea, na jedwali la kuzidisha halimkai kichwani. Nilimfundisha MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), kifupi cha kukumbuka mpangilio wa hatua za hesabu, akaikariri vizuri, lakini bado anakosa. Je, mbinu za kukumbuka zinamfaa mtoto mwenye ugumu wa kujifunza?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Zinamfaa sana, Mwalimu, ila hiyo uliyompa ina kasoro inayomwumiza mtoto anayefuata maelekezo herufi kwa herufi. Mpe 10 − 4 + 3 umtazame anavyofanya. Akiamini kwamba JU lazima itangulie TO, atajumlisha 4 na 3 apate 7, kisha atoe kwenye 10 apate 3, ilhali jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha.

Mtengenezee kadi ya mistari mitatu: MA peke yake, GA na ZI pamoja, JU na TO pamoja, na chini ya kila jozi mshale unaoelekea kulia. Kadi hiyo ikae mezani kila afanyapo zoezi, na nakuomba usimnyang'anye ili kumpima, kwa sababu mtoto ambaye kumbukumbu yake ya muda mfupi ni dhaifu hutumia nguvu nyingi kushikilia hatua, na hesabu yenyewe ikamponyoka. Akishaizoea ataacha kuitazama mwenyewe.

Kwa jedwali la tisa, vidole vinatosha: anyooshe vyote kumi, akunje cha nne kutoka kushoto, naye ataona vitatu upande mmoja na sita upande wa pili, yaani 9 × 4 = 36. Kwa 7 × 8, mwonyeshe kwamba 5, 6, 7, 8 zikiandikwa kwa kufuatana husomeka 56 = 7 × 8. Hata hivyo, apange kwanza vizibo vya soda katika safu nne zenye tisa tisa, avihesabu, kwani hila ya vidole humkumbusha jibu tu, haimwelezi kuzidisha ni nini.

Mpe mbinu moja, airudie kwa dakika chache kila siku hadi imkae, ndipo uongeze nyingine. Ukimpa tatu kwa mpigo atazichanganya.