Karatasi ya DNA imesema si wangu: je, huyu bado ni mwanangu?

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Nina mke wa ndoa na mtoto wa kiume wa miaka minne, aliyezaliwa mwaka na nusu baada ya nikahi. Akika yake nilimchinjia mwenyewe. Watu wanasema hafanani nami, ndugu zangu wakiwemo. Nikachukua mswaki wake na wangu bafuni, mke wangu asijue, nikampa jamaa anayepeleka vipimo nje ya nchi. Majibu yamekuja kwenye simu: uwezekano wa mimi kuwa baba ni 0%. Nyumbani tunaishi na dada yangu na wanawe wawili. Je, mtoto huyu ni wangu? Atanirithi? Na mama yake nimfanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, Allah akutulize moyo. Karatasi uliyonitumia nimekaa nayo na kijana wetu wa msikitini anayefanya kazi maabara, akanielekeza mstari kwa mstari.

Kila mstari ni sehemu moja ya vinasaba yenye namba mbili, na mtoto huchukua namba moja kwa mama na moja kwa baba katika kila mstari. Tazama ule ulioandikwa vWA: mtoto ana 16 na 18, wewe una 14 na 17. Hamna hata moja mnayoshirikiana. Ingekuwa mstari mmoja tu, wataalamu wangesema huenda ni badiliko la kimaumbile, wasikutoe kwenye ubaba. Kwako mistari ya namna hiyo ni mitano. Basi aliyetumia mswaki ule, wewe hukumzaa.

Lakini mswaki ule ni wa nani? Umesema mwenyewe kuna watoto wa dada yako humo ndani. Watoto watatu, miswaki kwenye kikombe kimoja, na nani asiyejua watoto wanavyochukuliana miswaki? Mpwa wako akipimwa kama mwanao, majibu ya kawaida ni hayo hayo ya 0%. Karatasi haijui jina la mtu, inajua mate yaliyoletwa. Ndiyo maana hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, ombi la kipimo hiki kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hupitia kwenye mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii, ili ijulikane nani kapimwa. Wewe umempa jamaa mfuko wa plastiki.

Hata hivyo sikutumi ukapime tena, kwa sababu nasaba ya mwanao haikusimama juu ya karatasi. Imesimama juu ya ndoa yako.

Mwaka wa Fat'hi Makka, Saad bin Abi Waqqas na Abd bin Zam'a waligombania mtoto. Saad alisema: huyu ni mwana wa ndugu yangu Utba, aliniusia hivyo. Abd akasema: ni ndugu yangu, amezaliwa kwenye kitanda cha baba yangu, kwa mjakazi wake. Mtume ﷺ akamtazama mtoto, akaona amefanana na Utba waziwazi. Aliona! Juu ya hivyo akahukumu: ni wako ewe Abd bin Zam'a, mtoto ni wa kitanda, yaani wa mwenye mama kihalali, na mzinzi hana ila jiwe, yaani hana haki juu ya mtoto. Kisha akamwambia mkewe Sawda, binti Zam'a, ajisitiri mbele ya kijana huyo, ingawa kwa hukumu hiyo ni ndugu yake. Hadithi imo kwa Bukhari na Muslim. Alama ya damu ilikuwepo, ikazingatiwa katika stara ya Sawda, wala haikumwondolea mtoto nasaba. Mimi kila nikiisoma naona huruma kubwa kwa mtoto asiyeweza kujitetea.

Na kuhusu kufanana, bedui wa Bani Fazara alimjia Mtume ﷺ kwa sababu mkewe kazaa mtoto mweusi. Aliulizwa kuhusu ngamia zake wekundu: mna wa rangi ya kijivu ndani yake? Akasema wamo, labda wamevutwa na asili ya mbali. Akaambiwa: na mwanao labda amevutwa na asili. Wajibu hivyo ndugu zako.

Njia ya kumkana mtoto wa ndoa ni liani peke yake, ile iliyotajwa katika Surat An-Nur, aya ya 6 hadi 9, mbele ya kadhi, kwa viapo vinne na cha tano cha laana. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hufanywa mara tu mume anapojua mtoto kazaliwa. Akinyamaza bila udhuru, au akimkubali, mlango umefungwa. Wewe umechinja akika na kulea miaka minne. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha Januari 2002, lilipitisha kuwa kipimo hiki hakitegemewi kukana nasaba wala hakitangulizwi mbele ya liani, na haifai kukitumia kuhakiki nasaba iliyothibiti. Wamekiruhusu penye haja, mfano watoto waliochanganywa hospitalini au waliopotea vitani.

Kwa hiyo huyo ni mwanao, anaitwa kwa jina lako, atakurithi nawe utamrithi.

Mama yake usimtuhumu kwa neno hata moja. Kumsingizia zinaa mwanamke mwenye staha bila mashahidi wanne adhabu yake katika Qur'ani ni mijeledi themanini, na ushahidi wako ni mswaki. Mkishindwana kwa mambo mengine, talaka ina utaratibu wake na haigusi nasaba ya mtoto. Ifute hiyo karatasi kwenye simu leo, kabla dada yako au mke wako hajaiona, na jamaa aliyekupelekea mwambie anyamaze kwa ajili ya Allah.

Wallahu a'lam.