Uwiano wa mzigo unawaka nyekundu ila mchezaji yuko poa, nimwamini nani?

SWALI: Habari kocha. Nafundisha timu ya mpira na pia nina wakimbiaji wachache wa maratoni. Kila baada ya mazoezi nachukua namba ya ugumu 0 mpaka 10, nazidisha na dakika kupata mzigo, halafu programu inanipa uwiano wa wiki hii dhidi ya wastani wa wiki nne (hii ikiwemo). Sasa kuna kiungo wangu alikuwa anaumwa, karudi, wiki zake ni 400, 600, 900 na hii 1,300, uwiano umefika 1.6 na programu inawaka nyekundu, ila mwenyewe anasema yuko poa. Wakati huohuo kuna mkimbiaji ambaye uwiano wake ni 1.0 wiki zote, kijani tupu, ila wiki ya tatu hii analalamika miguu mizito na saa yake inamwambia hajapona. Mazoezi yake ni dakika 70 kwa ugumu wa 5, siku sita, Jumapili anapumzika. Nimwamini nani? Halafu huyu ana mbio wiki tano zijazo, nianze kumpunguzia lini?

JIBU: Poa kocha, na asante kwa kuleta namba kamili maana wengi huniletea picha ya grafu tu na mshale. Jibu la haraka: kiungo endelea naye, kuna kitu kimoja tu utaangalia, mwenye shida ni huyo wa kijani.

Tuanze na kiungo. 400 na 600 na 900 na 1,300 jumla ni 3,200, gawa kwa nne unapata 800, 1,300 kwa 800 ni 1.6, sawa kabisa programu haijakosea hesabu. Ila angalia, hiyo 1,300 ya wiki hii imo pia ndani ya ule wastani unaoilinganisha nao, yaani namba inajilinganisha na yenyewe kidogo. Ukiitoa, ukachukua zile wiki tatu za nyuma peke yake, wastani ni kama 633 na uwiano unaruka mpaka 2.05. Mtu yuleyule, wiki ileile, mara 1.6 mara 2, kutegemea aliyeandika programu alipenda fomula ipi. Namba inayobadilika hivyo kwa kubadilisha fomula mimi siwezi kuipa mamlaka ya kumwambia mtu akae benchi.

Hii mipaka ya 0.8 mpaka 1.3 ni salama na 1.5 kwenda juu ni hatari ilisambaa sana kuanzia 2016, baada ya maandishi ya Tim Gabbett, mtafiti wa michezo ambaye data zake nyingi zilitoka kwenye raga, kriketi na mpira wa Australia. Na wazo lake la msingi ni zuri wala silikatai: mzigo mkubwa wenyewe si adui, adui ni kupanda ghafla, na aliyezoea kazi nyingi anavumilia zaidi kuliko aliyelindwalindwa. Kilichoharibika ni watu kuikamata ile mipaka kama sheria ya barabarani. Mwaka 2020 watafiti wengine, kina Franco Impellizzeri, wakaishambulia vikali, hoja yao kubwa ikiwa kwamba hakuna ushahidi kwamba ukiusogeza huo uwiano ndo unapunguza majeraha, na kwamba hesabu yenyewe ina kasoro kama hiyo niliyokuonyesha.

Kwa mtu anayerudi kutoka kuumwa ndo kabisa, kwa sababu wastani unaogawia bado ni mdogo, kila hatua atakayopiga itaonekana mlipuko. Wewe jiulize wenzake wanabeba ngapi kwa wiki. Kama ni 1,900 au 2,000 basi huyu wa 1,300 bado yuko chini ya kazi yake ya kawaida na anapanda ngazi, muache apande, wiki ijayo usimrushe moja kwa moja kwenye 2,000, mpe kama 1,500 hivi.

Kile kitu kimoja cha kuangalia ni spidi. Namba yako ya ugumu mara dakika haijui tofauti kati ya dakika 60 za ugumu wa 5 na dakika 50 za ugumu wa 6, zote ni 300, hata kama moja ilikuwa kukimbia polepole na nyingine ilikuwa imejaa mbio za kasi ya mwisho. Msuli wa nyuma ya paja unaijua tofauti hiyo vizuri sana. Kwa hiyo mbali na mzigo, andika pembeni ni mara ngapi wiki hii kakimbia karibu na spidi yake ya juu kabisa, tuseme zaidi ya asilimia 90. Kama una GPS soma humo, ila usidanganywe na kilomita za jumla, kiungo anaweza kumaliza mechi na kilomita 10 mpaka 12 na sehemu kubwa ikawa kutembea na kukimbia taratibu. Kama huna GPS hesabu kwa macho, inatosha. Akiwa hajapiga hata moja tangu arudi, usimwingize dakika 90 hata kama uwiano umeshuka ukawa kijani, mpe chache chache kwanza, zipande wiki kwa wiki.

Sasa mkimbiaji, na hapa ndo pana utamu.

70 mara 5 ni 350, mara siku sita ni 2,100. Kila wiki 2,100, uwiano 1.0, programu inafurahi. Lakini Carl Foster, ndiye aliyetuletea hii ya ugumu mara dakika (kaijenga juu ya skeli ya ugumu ya Gunnar Borg wa Uswidi), mwaka 1998 alionyesha hesabu nyingine ambayo programu nyingi zinaificha au hazina kabisa, anaiita monotoni, yaani siku zako zinavyofanana. Unachukua wastani wa mzigo wa siku, zote saba pamoja na ile ya sifuri, unagawa kwa mtawanyiko wake (siku zinavyoachana na wastani), ile STDEV ya Excel. Kwa huyu wastani ni 300, mtawanyiko ni kama 132, monotoni inakuja 2.27. Wengi wetu ikipita 2 tunashtuka. Ukizidisha monotoni na jumla ya wiki unapata mkazo, kwake ni karibu 4,760.

Sasa chukua 2,100 hiyohiyo uipange hivi: Jumatatu dakika 40 laini kwa 3, Jumanne intavali (vipande vya kasi na mapumziko katikati) dakika 80 kwa 7, Jumatano dakika 70 kwa 4, Alhamisi hakuna, Ijumaa dakika 70 kwa 6, Jumamosi hakuna, Jumapili ile ndefu dakika 120 kwa 6. Jumlisha uone, ni 2,100 ileile. Monotoni inashuka mpaka 1.07 na mkazo unakuwa karibu 2,250, chini ya nusu. Hata hivyo nisikudanganye, na hii nayo ni namba tu, siwezi kukuapia kwamba 2.27 ndo imemchosha. Ila inakuonyesha mahali pa kutazama: huyu mtu hana siku nyepesi hata moja, na hana siku ngumu kweli hata moja. Kila siku yuko katikati, kazi imezidi kumfanya apone na imepungua kumfanya aongezeke. Mtafiti Stephen Seiler alipowachunguza wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo ya ustahimilivu alikuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya taratibu kabisa, hiyo 20 iliyobaki ndo wanaumia kweli. Huyu wako kaamua kuishi palepale wanapopakwepa.

Ila kabla hujabadilisha chochote hakikisha hizo 5 ni za kweli. Zote 5, siku sita, wiki nne? Inanukia mtu anayejaza fomu. Namba ichukuliwe kama nusu saa baada ya mazoezi, siyo palepale anapohema, maana atakupa ugumu wa dakika tano za mwisho badala ya kipindi kizima. Muulize peke yake pia, kwenye timu ndo muhimu zaidi, kapteni akisema 4 mbele ya watu basi vijana wote ni 4. Na wewe kocha andika namba uliyokusudia KABLA ya mazoezi. Foster na wenzake waliwahi kulinganisha hizi mbili wakakuta siku ambazo kocha kapanga nyepesi wanamichezo walikuwa wanakaza kuliko alivyotaka, na siku ngumu wanafanya chini ya alivyotaka, ndo hivyo wote wanaishia katikati bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Ukiona umekusudia 3 na yeye anarudisha 5, tatizo umelipata na hujalipa hata programu.

Kuhusu saa, hiyo alama ya "hajapona" imepikwa kwa fomula ambayo kampuni haikuonyeshi, mimi huwa naiacha. Chukua zile namba ghafi, mapigo ya kupumzika na ule utofauti wa muda kati ya pigo na pigo, apime asubuhi akiamka, mkao uleule kila siku, halafu utazame wastani wa siku saba, kwa sababu ya siku moja hurukaruka kwa usingizi mbaya tu au safari. Wastani wa huo utofauti ukishuka siku kadhaa na yeye mwenyewe analalamika, hapo vitu viwili vinasema jambo moja na ndo nasikiliza. Vikipingana nambana kwa maswali kwanza: kalala vipi, ana stresi gani nyumbani au kazini, anakula? Na kama saa inampangia kanda za mapigo ya moyo kwa 220 kutoa umri, izime hiyo, inaweza kukosea mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja, ndo maana kuna watu wanakimbia "taratibu" huku hawawezi kumaliza sentensi.

Mbio ni baada ya wiki tano, kwa hiyo wiki ya kwanza hii mshushe kweli, 1,200 hivi, laini tupu na siku mbili za kukaa kabisa. Miguu ikirudi, wiki ya pili na ya tatu mpe ule mpangilio niliokuandikia. Isiporudi hata baada ya wiki nyepesi, achana na Excel, apelekwe kwa daktari apimwe damu, madini ya chuma yakiwemo, na muulize vizuri kama anakula kulingana na anavyochoma, hili linawapata wanaume pia siyo wanawake peke yao.

Wiki ya nne na ya tano ndo za kupunguza. Mtafiti Eric Banister tangu 1975 aliliweka hivi: mazoezi yanakuachia uwezo na uchovu kwa pamoja, ila uchovu unayeyuka haraka kuliko uwezo, ndo maana ukipunguza kazi kwa siku chache uwezo unajitokeza. Uchambuzi mmoja wa 2007 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kinacholipa zaidi ni kama wiki mbili, ukikata wingi kwa asilimia 41 mpaka 60, bila kugusa kasi wala idadi ya siku. Kwake ambaye atakuwa anakimbia dakika 380 kwa wiki, ya nne mpe kama 260, ya tano 150 bila kuhesabu mbio yenyewe. Intavali abaki nazo, kasi ileile, ila zile alizokuwa anarudia mara nane arudie mara nne halafu aende nyumbani. Atakulalamikia kwamba anajisikia mzito na mvivu siku ya tatu ya nne hivi, wengi hulalamika, usimwongezee.