Spika za desibeli 99 na amplifaya ya wati 200: kwa nini nisingeinunua

Mkuu, umeuliza kama spika za Klipsch Heresy III ulizopata zinahitaji amplifaya ya transista ya wati 200 kwa kila upande, maana muuzaji kakwambia spika kubwa hutaka nguvu. Hazihitaji. Natumia spika za horni (zenye mdomo kama wa tarumbeta) za kundi hilohilo hapa Dar, amplifaya kadhaa zimepita sebuleni kwangu, na sijawahi kupungukiwa wati. Kinachokera ni kelele.

Heresy III imeandikwa desibeli 99 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Spika ndogo za kawaida za kuweka kwenye rafu ziko kama 87. Hiyo tofauti ya 12 maana yake ni kwamba mwenye spika hizo ndogo akihitaji wati 16, wewe moja inakutosha. Muziki wa jioni, watu wakiwa wanaongea, unacheza kwenye sehemu ya kumi ya wati, pengine chini ya hapo. Hizo wati 200 utazilipia na hutazitumia.

Sasa kelele. Kila amplifaya ina ule mlio wa "shhhh" hata muziki ukiwa umezimwa, na spika yako itaukuza kama inavyokuza Bi Kidude. Kwenye karatasi wanaandika uwiano wa sauti na kelele, lakini mara nyingi wanaupima amplifaya ikiwa kwenye nguvu zake zote. Chukua ya wati 100 iliyoandikwa desibeli 100: ukishuka hadi wati moja, unabaki na 80. Bado safi. Iliyoandikwa 85 inabaki na 65, na kwenye Heresy hiyo ni kelele ya kama desibeli 34 ukiwa mita moja. Usiku mtaa ukitulia utaisikia ukiwa kwenye kochi. Bodi za klasi D (ambazo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi) za bei poa ndizo zilizonichosha zaidi kwa hili, kwa sababu nyingi huja na geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia, kubwa mno.

Geini hiyohiyo inaleta kero nyingine: unagusa volyumu kidogo tu, nyumba nzima inajaa. Halafu pale mwanzoni mwa kitufe, potenshiometa nyingi (kile kifaa kilicho nyuma ya kitufe) hazilingani, kushoto kunasikika kuliko kulia. Fundi anaweza kukuwekea rezista mbili kwa kila upande kwenye ingizo ili kupunguza, na mimi nimefanya hivyo. Inasaidia volyumu, na kelele inayotoka kwenye pre (preamplifaya) au dak (kigeuzi cha sauti ya dijitali) inashuka. Kelele ya amplifaya yenyewe haiguswi.

Jambo la tatu ni namna transista zinavyopokezana. Kwenye klasi AB, muundo wa amplifaya nyingi za kawaida, moja inashughulikia nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Makabidhiano yasipokuwa laini, dosari inakaa palepale sauti ndogo ilipo, na wewe unaishi kwenye sauti ndogo. Ndiyo maana Nelson Pass, mbunifu Mmarekani aliyejulikana kwa amplifaya nzito, alianzisha pia kampuni ya First Watt, yenye mashine kama F5 ya wati 25 za klasi A, ambapo transista hubaki zimewaka muda wote bila kupokezana. Kabla yake, mwaka 1969, mhandisi Mwingereza John Linsley Hood alichapisha katika jarida la Wireless World saketi ya klasi A ya wati 10 yenye transista nne tu kwa kila upande. Mafundi bado wanaijenga, na kwa Heresy inatosha kabisa.

Ila klasi A ya wati 25 kwa kila upande inakula zaidi ya wati 100 za umeme hata wimbo haujaanza, na zote zinageuka joto. Kwa joto la Dar la Januari, na LUKU inavyokimbia, fikiria mara mbili. Kama huna kiyoyozi, tafuta klasi AB nzuri ya wati 30 hadi 60, hata ya mtumba, iliyowekwa bayasi (umeme mdogo unaolainisha makabidhiano ya transista) vizuri.

Dukani nenda na spika moja kama unaweza. Waambie waiwashe bila muziki, volyumu chini kabisa, kisha weka sikio kwenye horni. Ukisikia mvumo mzito badala ya "shhhh", chomoa nyaya za ingizo kwanza; ukiisha, tatizo ni ethi ya vifaa vingine. Sikiliza pia inapowashwa na kuzimwa: lazima kuwe na "tak" ya relei (swichi ya umeme) inayochelewesha spika sekunde chache. Ikipiga "bum" kwenye spika, iache hapohapo, maana kiwambo cha horni (utando unaotetema) ni chepesi na kukibadilisha si bei rahisi.