Mbwa wetu kabadilika ghafla, na mimi bado miezi miwili nijifungue

SWALI

Habari dada, pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa hapa Nyegezi, Mwanza, nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, na nimechoka kulia. Tuna mbwa wetu anaitwa Bobi, ana miaka mitano sasa, mume wangu alimleta akiwa mdogo kabisa ndani ya boksi kutoka Sengerema, enzi zile bado tunavuka na kivuko pale Busisi daraja halijaisha, mimi ndo nlimlea kwa maziwa na uji mpaka akakua. Hajawahi kumng'ata mtu. Watoto wa jirani walikuwa wanamlalia mgongoni. Sasa kama wiki sita hivi kabadilika, nikiinama kuchukua bakuli lake ananiungurumia, yaani mimi! Alafu wiki tatu zilizopita wifi yangu alikuja akampapasa kichwani kama siku zote, akamrukia mkono, bahati nzuri meno yakaishia kwenye sweta, ngozi haikuguswa. Toka hapo mume wangu kamfunga mnyororo kwenye mwembe nyuma ya nyumba, usiku na mchana, na huko ndo kawa mbaya zaidi, anabweka hovyo, anatingisha kichwa kila saa, hata ziwani kuogelea jioni kama tulivyozoea hakuna tena. Mama mkwe kaja kutoka Magu kunisubiria, anasema mbwa akinusa mimba anashikwa na wivu na atakuja kumla mtoto, auawe kabla sijaenda leba. Jirani kajitolea kuleta sumu. Mume wangu yuko kimya ila namuona anaelekea hukohuko. Kadi ya chanjo hatuioni, nadhani alichanjwa mara ya mwisho mwaka juzi. Nifanyeje dada? Sitaki mwanangu aumizwe, ila Bobi nae nimemlea mimi.

Mama Kijacho, Nyegezi

JIBU

Mdogo wangu, pole sana, na hongera kwa ujauzito. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu ndo nimeona kitu ambacho we mwenyewe umekiandika harakaharaka katikati ya mengine kama vile hakina uzito. Nitakirudia. Kwanza tuondoe lile ambalo mama mkwe wako analiogopa hata kama hajalitaja kwa jina lake, maana mama wa umri ule aliyekulia Magu hajaanza jana kusikia habari za kichaa cha mbwa.

Mbwa mpole akibadilika ghafla na chanjo yake haieleweki, jambo la kwanza kufikiria ni kichaa, hilo halina mjadala. Ugonjwa huu dalili zikishaanza, kwa mtu au kwa mbwa, karibu hakuna anayepona. Lakini angalia hesabu za barua yako. Bobi kaanza kubadilika wiki sita zilizopita, kamrukia wifi wiki tatu zilizopita, na leo bado anakula, anabweka kwa sauti yake, anawajua. Mbwa mwenye kichaa akishafikia kutoa virusi kwenye mate huwa hamalizi siku 10, anakufa, ndo maana mtu aking'atwa na mbwa anayejulikana wataalamu husema mbwa afungiwe aangaliwe siku 10. Mate yanamtoka mfululizo, taya linalegea, sauti inabadilika, anayumba, anang'ata hata mawe na miti, anajificha gizani au anapotelea mbali. Hakuna hata kimoja ulichoniandikia. Kwa hiyo sidhani ni kichaa, na kama sweta ndo lilipokea meno na ngozi ya wifi haikukwaruzwa basi hapo mshukuru Mungu. Ila daktari wa mifugo ndo wa kulithibitisha, na chanjo Bobi anaihitaji akishampima, inarudiwa kila mwaka, mwaka juzi ni mbali sana.

Sasa narudi kwenye kile kitu. Umeandika "anatingisha kichwa kila saa". Umeandika pia kwamba mlikuwa mnashuka nae ziwani kila jioni anaogelea. Na mara zote mbili alizokasirika, ni mkono ulikuwa unaenda upande wa kichwa chake: wifi alipapasa kichwani, na wewe ukiinama kuchukua bakuli wakati yeye mdomo uko ndani ya bakuli, mkono wako unapita wapi? Pembeni ya sikio. Mi naamini Bobi anaumwa sikio. Maji yakibaki ndani, hasa masikio yakiwa ya kulala, pananyevuka, fangasi na bakteria wanazaliana, au kupe kaingia ndani kabisa, na maumivu yake ni makali mno, mbwa hana namna ya kukuambia. Kesho asubuhi akiwa ametulia, mumeo (sio wewe, na asimshike) amsogelee kwa upande tu anuse. Kama kuna harufu kama ya chachu au kitu kilichooza, kama anainamisha kichwa upande mmoja, kama anajikuna hapo mpaka analia, jibu mnalo.

Nasema hivi kwa sababu lilinikuta. Miaka ile naishi Pasiansi tulikuwa na mbwa jike mpole kupita kiasi, siku moja akamng'ata mama yangu mdogo kidole wakati anamfuta uso. Nyumba nzima ikasema kaharibika. Mimi nikakaa nae mbali kidogo nikamtazama akila: anachukua kipande cha ugali, anakiweka upande wa kushoto, anakidondosha, anakiokota tena, anatafuna kwa upande wa kulia tu, na chini ya jicho la kushoto pamevimba kama amewekewa punje ya karanga. Jino la juu lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Liling'olewa, na wiki mbili baadae mama mdogo alikuwa anamfuta uso kama zamani. Mpaka leo nikikumbuka kwamba tulishaanza kuulizana nani atamtoa pale nyumbani, roho inaniuma.

Kwa hiyo wiki hii, sio mwezi ujao, aje daktari wa mifugo. Kumpata sio kazi ngumu, ulizia kwa afisa mifugo wa kata yenu akuelekeze. Mwambieni mapema kwamba mbwa anauma akiguswa ili aje na kifunga mdomo, na mwombeni aangalie masikio yote mawili mpaka ndani, meno, viungo, na damu kwa ajili ya homa za kupe, maana zile nazo zinamfanya mbwa awe mchovu na mkali. Na tafadhali, narudia tafadhali, msimtie chochote sikioni kabla hajaonwa, sio mafuta ya taa, sio maji ya kitunguu, sio hata dawa ya matone iliyobaki ya mtoto wa jirani, kama ngoma ya sikio imetoboka mnaweza kumfanya kiziwi. Wala msimpe panado au diclofenac za kwenu, dawa hizo za binadamu zinaweza kumuua mbwa.

Mnyororo utoke. Namuelewa mumeo, aliogopa, alifanya alichoona kinawalinda. Lakini mbwa anayeumwa akisogelewa njia yake ya kwanza ni kuondoka zake, na ukishamfunga kwenye mwembe hiyo njia umeifuta, imebaki moja tu. Na yeye wiki tatu hizi hajui kakosa nini, alikuwa analala mlangoni kwenu leo anawatazama kwa mbali. Mtengenezeeni kijisehemu, hata kwa mbao na wavu wa kuku, kivulini, ajigeuze atakavyo na mtu asiingie kumsumbua. Chakula awekewe humo, bakuli litolewe akishaondoka.

Na asipigwe akiunguruma. Hapa ndo watu wengi wanakosea kwa nia njema kabisa. Kuunguruma ni Bobi anakuambia "hapo panauma, usiniguse", ni adabu kabisa hiyo kwa mbwa. Ukimpiga ataacha kuunguruma kweli, lakini maumivu yako palepale, kitakachofuata ni meno bila taarifa. Mimi mbwa anayeunguruma simuogopi kama ninavyomuogopa mbwa aliyefundishwa kunyamaza.

Akishatibiwa msitegemee siku hiyohiyo awe wa zamani, sikio lililokaa vibaya muda wote huo linaweza kuchukua wiki kadhaa, na kichwani kwake ameshajifunza kwamba mkono ukija ni maumivu. Mumfundishe upya taratibu. Mkipita karibu na bakuli, mnadondosha dagaa mmoja mnaendelea na safari, bila kuinama, bila kumuangalia usoni. Siku ya kwanza kwa mbali, siku ya tano karibu kidogo. Baada ya muda ataanza kufurahi akiona mtu anasogea. Wewe na tumbo lako kaa kwenye kiti umdondoshee, kazi ya kuinama na kushika muachie baba mtoto.

Miezi miwili inatosha pia kumzoesha mambo ya mtoto. Mabadiliko yote yafanyike sasa, asije akayaunganisha na mtoto: kama hataruhusiwa chumbani, aanze leo kutoruhusiwa. Wekeni kwenye simu sauti ya mtoto mchanga analia, ndogo sana mwanzoni, huku anakula. Mwambieni fundi atengeneze kigeti kifupi cha mbao mlangoni. Ukishajifungua, mumeo arudi nyumbani na khanga aliyofungiwa mtoto amuachie Bobi anuse kwa umbali. Siku unaporuhusiwa, mtoto abebwe na mama mkwe, wewe ingia mikono mitupu umsalimie Bobi kwanza, maana atakuwa kakukosa. Na kuanzia hapo mtoto na mbwa hawabaki peke yao, hata Bobi akipona vizuri kiasi gani, hata unakimbia kuepua maziwa jikoni, unambeba mtoto au unafunga kigeti. Tena wasiwasi wangu mkubwa sio miezi ya mwanzo, ni ile ya mtoto kuanza kutambaa, anaelekea moja kwa moja kwenye bakuli na anamshika mbwa sikio.

Kuhusu mama mkwe, usibishane nae wewe. Mumeo akae na mama yake amweleze kwamba daktari anakuja na mbwa anachanjwa, na akija amkaribishe nae asikilize. Kuhusu wivu wa mimba, kweli mbwa ananusa kwamba mwili wako umebadilika, lakini kunusa hakumfanyi apange kumla mtoto. Hata hivyo hofu yake ni ya mjukuu wake, iheshimuni.

Nisikufiche na upande mwingine. Daktari asipokuta ugonjwa wowote, au akatibiwa akapona na bado anamrukia mtu bila hata kuunguruma, basi Bobi hawezi kuishi nyumba moja na mtoto, na mtafute kwa kumpeleka kabla hujajifungua, nyumba ya watu wazima watupu, na muwaambie ukweli wote. Sio kumtupa soko la samaki la Mwaloni usiku akaokoteze vichwa vya sangara na kung'ata watoto wa wengine. Na ikifika kwamba hakuna namna kabisa, ni sindano ya daktari, Bobi akiwa amelazwa usingizi, mikononi mwa mtu anayemjua. Sumu ya jirani hapana. Sumu inamuua kwa mateso ya saa nyingi, na kipande kilichobaki kinaliwa na kuku wa jirani au anakiokota mtoto.

Niandikie daktari akishaondoka, nataka kujua lilikuwa sikio gani.

SWALI

Dada mimi niko Igombe, mimba miezi sita. Juzi mbwa wa mtaani asiye na mwenyewe kanikwaruza mguuni kwa jino, damu kidogo tu, imeshakauka. Wamama wa huku wanasema mjamzito akichomwa sindano za mbwa mimba inatoka. Nisubiri nijifungue?

JIBU

Usisubiri mdogo wangu, hata kesho usisubiri. Chanjo ya kichaa cha mbwa mjamzito anachomwa na ni salama, haitoi mimba, na ugonjwa wenyewe ukishaanza ndo unawaondoa wote wawili. Sasa hivi osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, hata kama pamekauka, usipake majivu wala kuunguza na kitu chochote. Alafu panda gari uende hospitali leo, waambie ni mbwa asiye na mwenyewe na kwamba damu ilitoka, na uliza pia kuhusu ile dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Sindano ya kwanza ni leo, utarudi siku ya 3, ya 7 na kuendelea watakavyokupangia, na usiruke hata moja. Ukikuta chanjo hakuna, usirudi nyumbani, waulize ipo wapi uende huko. Na mwambie mwenyekiti wa mtaa kuhusu huyo mbwa, watoto wanapita njia hiyo kwenda shule.