Kabla Hujaingiza Meza Gerejini

Zulia lilianza kunuka wiki ya tatu baada ya kugeuza gereji kuwa ofisi yangu. Nilidhani ni viatu vyangu, nikavitoa nje, harufu ikabaki. Nilipolifunua upande wa mlangoni nikakuta limelowa chini, na zege lenyewe limeota madoa meusi ya kuvu. Wakati huo nilikuwa nimeshapaka rangi, nimeshafunga rafu, na kiti kipya kimeshakaa mahali pake. Vyote vikarudi nje.

Nilikuwa nimeanzia mwisho. Gereji ilijengwa kwa ajili ya gari, na gari huvumilia unyevu, joto na giza kuliko mtu. Hakuna aliyeijenga vibaya. Mimi ndiye niliyeipa kazi ambayo haikuandaliwa. Basi ukiniuliza uanze wapi, nitakuambia sakafu, na kabla ya sakafu, maji.

Kwanza ujue maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni nzito, kama sentimita 60 kwa 60, ukilaze juu ya zege tupu na ukibandike kingo zote kwa gundi ya utepe, pasibaki upenyo. Kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limegeuka jeusi hapo chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, ni mvuke wa hewani unaogandia sehemu baridi, na dawa yake ni kuingiza hewa. Mimi nilibandika vipande vitatu: katikati, ukutani, na karibu na mlango. Cha mlangoni kilikuwa kimelowa chini, na mvua iliyofuata ikanionyesha jambo jingine: maji yalikuwa yakipenya pia chini ya mlango wenyewe. Nilikuwa na maradhi mawili, si moja.

La nje nililitibu kwanza kwa kuchimba mfereji mwembamba mbele ya mlango, nikaufunika kwa wavu wa chuma na kuuelekeza pembeni. Ni kazi ya siku moja, na ingenipunguzia nusu ya hasara yote. La ndani lilitaka nailoni nzito sakafu nzima, ikipandishwa kidogo ukutani, na maungio yake yakipandana vizuri.

Hapo ndipo nilipogundua mteremko. Sakafu nyingi za gereji huinama kuelekea mlangoni ili maji ya gari yatoke. Yangu, kwa urefu wa mita 6, ilishuka sentimita 9. Kwa macho huoni kitu. Ila ukikaa kwenye kiti chenye magurudumu unajikuta unarudi nyuma polepole katikati ya mazungumzo na mteja. Weka pimamaji juu ya ubao mrefu upime mapema, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayoamua sakafu yako mpya itakuwa ya namna gani.

Fundi wa kwanza alitaka kusawazisha kwa saruji. Juu ya nailoni saruji haishikani na zege la zamani, kwa hiyo haifai kuwa nyembamba. Ingeanza sentimita 5 upande wa juu na kufika 14 mlangoni. Hesabu inayotumiwa na mafundi ni kwamba saruji ya namna hiyo hukauka takriban milimita 1 kwa siku kwa sentimita 5 za mwanzo, na kadiri unene unavyozidi ndivyo inavyokawia. Ningesubiri miezi. Nikachagua mbao: vipande vilivyotiwa dawa ya kuzuia kuoza na mchwa, vikachongwa mfano wa kabari kufuata mteremko, vikalazwa juu ya nailoni, kisha plaiwudi ya milimita 18 juu yake. Kati ya vipande hivyo, chini ya plaiwudi, nilijaza pamba ya kuzuia joto na baridi. Faida nyingine ni kwamba sakafu ilipanda ikakaribia usawa wa nyumba. Ile hatua moja unayoshuka kuingia gerejini iliwekwa kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Gari likishaondoka kabisa, kazi yake imekwisha.

Mlango ndio jambo la pili la kufikiria kwa kina. Wengi hutaka kuung'oa na kujenga ukuta wa tofali siku hiyo hiyo. Subiri. Mara nyingi chini ya mlango wa gereji hakuna msingi, kuna ukingo wa zege la sakafu tu, na ukuta mzito juu yake unaweza kupasuka. Ama uchimbe msingi, ama ujenge ukuta mwepesi wa fremu ya mbao. Nilijenga wa fremu, nikaweka dirisha pana na mlango wa kioo. Gereji ya gari moja ina kama mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18, na kipimo kinachotumika sana ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Kwangu ni mita za mraba 1.8. Meza iweke ubavuni mwa dirisha: ukilipa mgongo skrini itang'aa, ukiligeukia macho yatachoka.

Kabla hujagusa mlango, nenda ofisi inayosimamia ujenzi mahali unapoishi uulize kama kubadilisha matumizi ya gereji kunahitaji kibali. Sehemu nyingine kila nyumba hutakiwa kubaki na nafasi ya kuegesha gari. Waarifu na watu wa bima. Niliahirisha ziara hiyo kwa uvivu, nikaja kuchora ramani mara mbili.

Umeme usiufanyie mzaha. Gereji yangu ilikuwa na taa moja na soketi moja, na wiki zile za mwanzo niliishi kwa waya za kuongezea zilizounganishwa moja hadi nyingine. Kompyuta na skrini hazili umeme mwingi. Hita au kiyoyozi ndivyo vinavyopasha waya moto. Mwite fundi umeme avute laini yake pekee kutoka menswichi, yenye kikata umeme chake. Wakati kuta ziko wazi, pitisha pia bomba la waya wa intaneti, mbali na wa umeme. Waifai hupotea nguvu ikipita kuta za zege, lakini waya wa kawaida wa mtandao hufika mita 100 bila taabu. Weka soketi nyingi kuliko unavyodhani. Mimi niliweka kumi na nimeshajaza nane.

Paa langu ni la mabati, bila dari. Mchana palikuwa tanuri, na mvua ikinyesha hakuna simu inayosikika. Dari ya jipsamu na pamba nene juu yake vilitibu yote mawili. Acha tu nafasi ya hewa kati ya pamba na bati, la sivyo unyevu utajificha humo. Na kama gerejini mna mashine ya gesi ya kuchemshia maji, usizibe matundu ya hewa kabla mtaalamu hajaiona. Monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayotokea gesi ikiungua bila hewa ya kutosha, haina harufu.

Rangi, rafu na mapambo unavijua mwenyewe. Madoa ya oili tu uyasugue kwanza kwa sabuni kali kama unabandika kitu moja kwa moja kwenye zege, maana gundi haishiki juu ya mafuta.

Limebaki swali aliloniuliza mke wangu siku ya kwanza, nami nikalipuuza: vitu vilivyokuwa humo vitakwenda wapi? Baiskeli ziko chini ya ngazi. Ngazi ya kupandia imetundikwa nje ukutani. Makopo ya rangi na jerikeni la petroli hayaruhusiwi ndani ya nyumba, nikayajengea kasha lenye matundu uani. Mashine ya kukatia nyasi ndiyo bado tunabishana. Kwa sasa imesimama nyuma ya kiti changu, imefunikwa shuka, na wateja kwenye simu za video hudhani ni sanamu.