"Umenivunja moyo" au "umeuvunja moyo wangu"?

Kuna msomaji anatafsiri nyimbo za roki za zamani, kaniuliza hivi: "Anayelia kwa kuachwa na mpenzi niseme amevunjika moyo? Na yule aliyeamini kitu halafu akaona ni uongo mtupu, naye nimwiteje?"

Swali zuri sana, hapa wengi tunateleza. Kuvunjika moyo kwa asili yake sio habari ya mapenzi jamani, ni kuishiwa nguvu ya kuendelea, mtoto akifeli mtihani tunamwambia usivunjike moyo, timu ikifungwa tatu bila hivyo hivyo, na hakuna aliyeachwa hapo. Ndo maana nikisikia "umenivunja moyo" naelewa umenikatisha tamaa. Ukitaka moyo wenyewe ndo uvunjike kama chungu, upe kiambishi chake: umeuvunja moyo wangu. Ka-u kamoja tu, lakini kinachovunjwa sasa ni moyo, sio mtu. Najua kwenye Bongo Fleva wanaimba zote mbili kwa mapenzi na siwazuii, lugha inatembea, ila kwa wimbo wa kuachwa mimi bado nachagua umeniumiza, au umenitenda, yana uchungu zaidi.

Chukua Go Your Own Way ya bendi ya Fleetwood Mac, ipo kwenye albamu ya Rumours ya 1977. Lindsey Buckingham aliiandika baada ya mapenzi yake na Stevie Nicks kufa, na Nicks alikuwa bendi hiyo hiyo, ikawa anaiitikia mwenyewe jukwaani, fikiria! Mtu wa wimbo ule hajakata tamaa, ana jeraha na hasira. Katendwa. Dar wangesema kapigwa chini, Nairobi kaachwa kwa mataa, ila hayo yana kicheko ndani yake, hapo yangeharibu.

Huyo wa pili sasa, aliyeamini akakuta uongo, sikiliza Won't Get Fooled Again ya bendi ya The Who ya 1971, aliyoiandika Pete Townshend, mapinduzi yamepita, watawala wamebadilika, mambo yamebaki yale yale. Hapa ndo kuvunjika moyo kunakaa penyewe, na akishauona ukweli sema kazinduka. Jina la wimbo usiandike hatutadanganywa tena, hiyo inamwachia mdanganyaji nguvu zake, andika hatudanganyiki tena, ile -ik- inasema hata wakijaribu haiwezekani.