Umefungwa hogo? Toa hiyo spoku humo ndani

Kuna kijana kaniandikia inboksi: "Kaka, hogo la mkono linaniwasha, nikijikuna kwa spoku ya baiskeli kuna ubaya?" Ubaya upo. Ukijichubua mle ndani huoni kitu, utashtukia harufu. Spoku, njiti, kalamu, vyote weka mbali.

Mimi ni fundi jipsamu, na unga wa hogo na huu wangu wa dari ni baba mmoja mama mmoja: jasi iliyochomwa ikapoteza maji yake mengi. Ukiirudishia maji inashika na kutoa joto. Hapa kwetu inachimbwa Makanya, kule Same. Kwa hiyo nilipodondoka jukwaani nikavunjika mkono wa kulia, bandeji zilipoanza kuchemka mkononi sikushangaa. Mtindo huo wa bandeji zenye unga ni wa Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, tangu 1851.

Usiku vidole vikavimba, vikafa ganzi. Nikarudi hospitali, muuguzi akaniambia, "Mwanaume mzima, vumilia." Niligoma kutoka pale benchi mpaka daktari wa zamu akaja akalipasua hogo kwa urefu. Maumivu yakashuka hapo hapo. Lile neno "vumilia" bado nalo moyoni. Ndugu zangu, vidole vikipauka au vikifa ganzi, rudi saa hiyo hiyo, usisubiri kukuche. Na inua mkono juu ya usawa wa moyo. Narudia, inua mkono.

Wiki za katikati naziruka, zilikuwa za kulala tu. Ila mteja mmoja wa Kigamboni aliona hogo, kazi yangu akampa mwingine. Nikamimina ua la dari kwa mkono wa kushoto, likatoka kwenye kalibu bila tundu hata moja. Wanaotudharau mafundi jipsamu waende London, makumbusho ya Victoria and Albert: nakala ya nguzo ya Trajan, mfalme wa Roma ya kale, pale ni ya plasta, ndefu hadi imesimamishwa vipande viwili. Vijana, heshimuni kazi za mikono!

Siku ya kukata usiogope ule msumeno, meno yake yanatetemeka tu, hayazunguki. Mkono utatoka mwembamba, umejaa magamba. Usianze kubeba ndoo, anza na vidole, kunja, kunjua, kila siku.

Yule wa Kigamboni kapiga juzi, dari lake lina nyufa. Nimempandishia bei.